Samaki wanaopatana: Yanayopaswa kujulikana kabla ya kuweka tangi la maji chumvi nyumbani

TANGI la kioo lenye samaki wa baharini huvuta macho ya kila apitaye mbele yake, na watu wengi wanaoliona hotelini au katika chumba cha kusubiria daktari huondoka na hamu ya kuwa nalo sebuleni kwao. Kinachofuata mara nyingi ni safari moja ya dukani, samaki saba au wanane waliochaguliwa kwa kuangalia rangi, na baada ya wiki chache tangi lililobaki na samaki mmoja aliyenona. Wenzake wamekufa kwa sumu iliyomo majini, wamekufa kwa njaa, wamepigwa hadi wakafa, au wameliwa.

Hasara hiyo si ya fedha peke yake. Tofauti na samaki wa mapambo wa maji baridi, ambao wengi wao huzalishwa mabwawani, sehemu kubwa ya samaki wa baharini wanaouzwa kwa ajili ya matangi huvuliwa wakiwa hai kwenye miamba ya matumbawe. Pwani ya Kenya ni mojawapo ya sehemu wanakotoka. Kwa miongo kadhaa sasa, wapiga mbizi wa huko wamekuwa wakikamata samaki hai kwa nyavu ndogo za mkono na kuwauza kwa kampuni zinazowasafirisha kwa ndege kwenda ng'ambo. Samaki anayekufa tangini kwa sababu ya kuchaguliwa vibaya ametoka kwenye mwamba ule ule unaowalisha wavuvi na kuwaleta watalii, na mwenye tangi akirudi dukani kununua wa kumrithi, mwamba hutoa mwingine.

Wafugaji wenye uzoefu huwachambua samaki kwa mambo matatu kabla ya kutazama rangi: atakuwa mkubwa kiasi gani akikomaa, anakula nini, na analinda eneo lake kwa ukali wa namna gani. Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa kumwangalia samaki mchanga wa sentimita nne akiogelea kwa upole katika tangi la dukani. Dukani kila samaki ni mgeni, ana hofu, na hana eneo la kulinda. Tabia yake halisi hujitokeza baada ya siku kadhaa akiwa nyumbani, anapokwisha kuchagua jiwe lake.

Baharini samaki anayefukuzwa hukimbia. Katika tangi lenye urefu wa mita moja hana pa kukimbilia. Hufukuzwa kutoka kona hii hadi ile, hunyimwa chakula, mapezi yake huchanika, na mwishowe hujificha nyuma ya kichujio na kufa huko. Mwenye nyumba humkuta asubuhi na kudhani kwamba maji ndiyo yaliyomuua.

Maji kwanza

Hata hivyo, ni kweli kwamba maji huua wengi, na hakuna samaki anayepatana na tangi ambalo halijawa tayari. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chake, nayo ni sumu kali hata ikiwa kidogo. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye mchanga, mawe na kichujio huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila baada ya wiki mbili. Bakteria hao huchukua muda kuzaliana, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Katika kipindi hicho tangi hulishwa kipande cha kamba kinachooza au matone ya amonia, na maji hupimwa kwa vidonge au matone ya kupimia mpaka amonia na naitraiti zote zisome sifuri.

Zamani ilikuwa desturi ya wauzaji kumpa mteja samaki wagumu, hasa wale wadogo wa buluu, ili "walizoeshe" tangi kwa wiki za mwanzo. Desturi hiyo ina makosa mawili. Huwaunguza samaki matamvua, na wale wanaonusurika huwa wamekwisha kulitawala tangi lote kabla wengine hawajafika. Wanaopendekeza njia hiyo hadi leo wapo, na ni vyema mnunuzi akawa na shaka na ushauri wao mwingine pia.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya takriban gramu 35, kwa hiyo tangi la lita 200 huhitaji kama kilo saba za chumvi. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa bahari ina madini mengine mengi, kama magnesi na kalsi, ambayo hayamo katika pakiti ya mezani. Hutumika chumvi maalumu ya matangi, ikichanganywa na maji yaliyochujwa kwa mtambo. Maji ya bomba huwa na klorini inayoua bakteria na samaki kwa pamoja. Wakazi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hushawishika kuchota maji ufukweni, na jambo hilo linawezekana, lakini maji ya karibu na mji hubeba mafuta na majitaka. Wenye kufanya hivyo huyachota mbali na mito na mabomba, wakati maji yamejaa, kisha huyachuja kabla ya kuyatumia.

Kosa dogo linalowapata wengi hutokea baadaye. Maji yanapopungua kwa joto, chumvi haiondoki nayo, hubaki. Anayejazia tangi kwa maji ya chumvi huongeza ukali wake kila wiki bila kujua. Maji yaliyopotea kwa njia hiyo hurudishwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kipimo cha uzito wa maji hukaguliwa kisizidi 1.026 wala kushuka chini ya 1.023.

Samaki wengi wa matumbawe hupenda joto la nyuzi 24 hadi 26. Nairobi, ambako usiku wa Julai ni wa baridi, tangi huhitaji hita. Dar es Salaam na Mombasa tatizo ni kinyume chake: Februari maji yanaweza kupita nyuzi 30, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu. Kote huko umeme hukatika, na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kifaa cha lazima, kwani tangi lililojaa samaki halivumilii saa nyingi bila maji kuzunguka.

Kwa anayeanza, tangi kubwa ni rahisi kulitunza kuliko dogo, ingawa wengi hudhani kinyume. Katika lita 40, kipande kimoja cha chakula kilichosahaulika huchafua maji yote kwa usiku mmoja. Katika lita 200 athari yake haionekani. Tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kimo cha 50 hubeba lita hizo 200, na likiwa na maji, mawe na mchanga uzito wake hupita kilo 200. Meza ya kawaida ya sebuleni haiwezi kulihimili.

Nemo na jamaa zake

Filamu ya Finding Nemo, iliyotoka mwaka 2003, ilimfanya samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe kuwa samaki wa baharini anayejulikana kuliko wote. Kwa bahati, klauni huyo, ambaye jina lake la kisayansi ni Amphiprion ocellaris, ni chaguo zuri kwa anayeanza. Hukua hadi kama sentimita tisa, hula karibu kila kitu, na amekuwa akizalishwa katika mabwawa ya kibiashara tangu miaka ya 1970. Aliyezaliwa katika tangi amezoea chakula kikavu na kuona watu, hivyo hupata taabu kidogo kuliko aliyetolewa baharini juzi.

Si samaki wa pwani ya Afrika Mashariki. Makazi yake ni mashariki mwa Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki. Miamba ya Kenya na Tanzania ina klauni wake: Amphiprion akallopisos, mwenye rangi ya waridi iliyokoza na mstari mmoja mweupe mgongoni, na Amphiprion allardi, mweusi wa kahawia mwenye mistari miwili myeupe na mkia mweupe. Wa kwanza ni mpole kiasi. Wa pili hufikia sentimita 14, na akikomaa humng'ata hata anayeingiza mkono kusafisha kioo.

Klauni wana jambo ambalo filamu haikulieleza. Wote huzaliwa wakiwa madume. Katika kundi, aliye mkubwa kuliko wote hugeuka kuwa jike, anayemfuata kwa ukubwa huwa dume lake, na waliobaki hawakomai kabisa. Jike akifa, dume hugeuka jike na mdogo wake hushika nafasi ya dume. Kwa mfugaji maana yake ni kwamba hununuliwa wawili tu, wachanga, mmoja akiwa mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Watazozana siku kadhaa, mdogo atatetemeka mbele ya mkubwa kama ishara ya kukubali kutawaliwa, na hapo ndoa imefungwa. Majike wawili waliokwisha komaa hupigana mpaka mmoja afe. Klauni wa aina mbili tofauti hawawekwi katika tangi moja dogo.

Wengi hununua pia anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye mikono inayowasha ambamo klauni hujificha. Kwa tangi jipya ni kosa. Anemoni huhitaji taa kali na maji yaliyotulia kwa miezi mingi, hutembea, na akinyonywa na pampu huchanika na kuyatia sumu maji yote. Klauni huishi vizuri bila yeye. Wengine huchagua kona ya jiwe au hata bomba la pampu na kulilinda kama nyumba yao.

Majirani wanaofaa

Baada ya klauni wawili, tangi la lita 200 lina nafasi ya samaki wadogo watatu au wanne, na siri ya kuwapatanisha ni kuchagua wanaoishi sehemu tofauti. Mmoja akikaa chini mchangani, mwingine pangoni na mwingine katikati ya maji, sababu za ugomvi hupungua.

Kwa mchangani hufaa Cryptocentrus cinctus, samaki wa manjano mwenye uso wa kununa. Baharini huishi shimo moja na kamba mdogo anayepiga mlio kwa gando lake. Kamba huyo haoni vizuri lakini ni hodari wa kuchimba. Samaki haoni taabu kukaa mlangoni akilinda, huku kamba akimgusa kwa papasi mkiani. Adui akitokea samaki hutikisa mkia na wote wawili huzama shimoni. Wawili hao hushirikiana hata tangini, na wapo wafugaji wanaokiri kwamba hutumia muda mwingi zaidi kuwatazama wao kuliko samaki wa bei ya juu.

Nemateleotris magnifica, mwenye mwili mweupe unaoishia kwa wekundu wa moto mkiani na unyoya mrefu mgongoni, hupatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi katikati ya Pasifiki. Hana madhara kwa yeyote. Udhaifu wake ni woga: akishtuliwa huruka, na tangi lisilo na kifuniko cha wavu humkuta sakafuni asubuhi. Haifai kumweka pamoja na samaki wakorofi.

Pterapogon kauderni, mweupe wa fedha mwenye mistari myeusi na mapezi marefu, huogelea taratibu katikati ya maji. Dume lake hubeba mayai na vifaranga kinywani kwa wiki kadhaa bila kula. Baharini anatoka katika eneo dogo tu la visiwa vya Banggai nchini Indonesia, na uvuvi wa kuuzia matangi ulipunguza idadi yake kiasi cha kuorodheshwa kimataifa mwaka 2007 kuwa samaki aliye hatarini kutoweka. Kwa kuwa huzalika tangini, mnunuzi hana sababu ya kukubali aliyevuliwa. Huwekwa mmoja, au dume na jike. Madume wawili hawakai pamoja.

Kwa pangoni kuna Gramma loreto kutoka Karibi, zambarau mbele na manjano nyuma. Hapa mnunuzi anahitaji macho, kwa sababu samaki mwingine wa Pasifiki, Pictichromis paccagnella, ana rangi hizo hizo. Wa Karibi ana doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, na zambarau yake hufifia polepole kuingia katika manjano. Wa Pasifiki hana doa hilo, na rangi zake mbili hukutana ghafla kama zilizokatwa kwa mkasi. Tofauti ya tabia ni kubwa kuliko ya sura: wa kwanza hupanua kinywa kumtisha anayesogelea pango lake na hayo huishia hapo, wa pili huwaandama wapole mpaka waishe.

Mfano huo unaonyesha kwa nini jina la kisayansi lina faida hata kwa mtu asiyesoma biolojia. Majina ya dukani hubadilika kutoka muuzaji mmoja hadi mwingine, na jina moja hupewa samaki watano. Karatasi iliyoandikwa majina ya Kilatini, ikiwa mfukoni, huokoa fedha.

Wa kuachwa

Samaki wadogo wenye nguvu na bei ndogo ndio mtego wa kwanza. Dascyllus aruanus, mweupe mwenye mistari mitatu myeusi, na Dascyllus trimaculatus, mweusi mwenye madoa meupe, wamejaa katika miamba ya Afrika Mashariki. Wakiwa wachanga wanapendeza. Wakikomaa hawamwachi mgeni apumue, na huyo wa pili hufikia sentimita 14. Ndivyo walivyo pia wale wenye milia myeusi, jamii ya Abudefduf, ambao watoto wa pwani huwaona katika vidimbwi maji yanapokupwa. Anayeishi karibu na ufuko hushawishika kuwachota kwa ndoo na kuwatia tangini bila gharama yoyote. Baada ya miezi michache gharama huonekana kwa wenzao.

Kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus, ndiye Dory wa filamu ile ile. Huuzwa akiwa na ukubwa wa sarafu, lakini hukua hadi sentimita 30 na ni muogeleaji wa masafa. Tangi la lita 700 ndilo linaloanza kumfaa. Kangaja wote wana mwiba mkali kama kisu kidogo kwenye shina la mkia, na wawili wanaofanana umbo huutumia kukatana. Chewa mwenye madoa meusi, Cromileptes altivelis, anayeuzwa akiwa mdogo wa kuchekesha, hufikia sentimita 70 na kummeza kila anayeenea kinywani mwake. Kanuni kwa jamii yote ya chewa, mkunga na samaki-simba ni hiyo hiyo: hawana ugomvi na yeyote, wana njaa tu. Kikande na bunju huongeza tatizo la meno, kwani hutafuna konokono, kamba na kaa ambao mfugaji amewaweka kusafisha tangi.

Kuna pia wasiomdhuru mtu ila wao wenyewe, nao ndio wanaosikitisha zaidi. Baadhi ya vitatange hula matumbawe hai na si kitu kingine. Chaetodon trifascialis ni mmoja wao, na hufa njaa mbele ya chakula kilichojaa. Synchiropus splendidus, ambaye kwa rangi huenda hana mpinzani, hula vijidudu vidogo vinavyoishi kwenye mawe na humaliza vilivyomo katika tangi changa kwa siku chache. Labroides dimidiatus, samaki mwembamba mwenye mstari mweusi anayewasafisha wenzake wadudu, huhitaji wateja wengi kila siku, nao hawapo sebuleni. Kazi yake mwambani ni kubwa, na kumtoa huko aje kufa tangini ni hasara mara mbili. Farasi wa bahari hula polepole mno. Akiwekwa na samaki wepesi hapati kitu. Biashara yake ya kimataifa, kama ilivyo ya matumbawe magumu, imewekewa masharti chini ya mkataba wa CITES.

Samaki wa umbo la sanduku, Ostracion cubicus, wa manjano mwenye vidoto vyeusi akiwa mchanga, anastahili onyo lake peke yake. Akishtuliwa au akifa hutoa sumu kupitia ngozi inayoweza kuua kila kilichomo tangini, yeye mwenyewe akiwemo.

Anayetaka kitu cha hapa nyumbani, na tangi lake limekwisha kukaa salama kwa miezi sita hivi, anaweza kumfikiria Centropyge acanthops, kitatange mdogo wa rangi ya chungwa na buluu ambaye makazi yake ni pwani ya mashariki ya Afrika. Haizidi sentimita nane. Huwekwa mmoja tu, na hupenda mawe yaliyoota mwani wa kudonoa.

Namna ya kuwaingiza

Utaratibu wa kuwaingiza una uzito sawa na uchaguzi wenyewe. Waoga hutangulia, wenye kiburi hufuata. Kwa samaki waliotajwa hapo juu, Nemateleotris na yule wa mchangani huingia kwanza, baada ya wiki mbili au tatu huingia wa Banggai, kisha Gramma, na klauni wawili humalizia. Muda huo kati ya mmoja na mwingine huwapa bakteria nafasi ya kuongezeka kulingana na uchafu mpya. Anayenunua wote siku moja huirudisha amonia hata katika tangi lililokwisha kukomaa.

Dukani, mnunuzi ana haki ya kuomba samaki alishwe mbele yake. Asiyekula haondoki. Tumbo lililobonyea, kupumua kwa haraka, mapezi yaliyobanwa mwilini na madoa meupe kama chembe za chumvi ni dalili za kukataa, hata kama bei imepunguzwa. Madoa hayo husababishwa na kimelea aitwaye Cryptocaryon irritans, na samaki mmoja mwenye nayo huambukiza tangi zima. Dawa ya shaba humwua kimelea lakini huwaua pia kamba na konokono, kwa hiyo matibabu hufanyika katika tangi la pembeni. Ndiyo sababu wafugaji makini humweka kila mgeni peke yake kwa wiki mbili hadi nne katika tangi dogo lisilo na mapambo, lenye kichujio na kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia. Wengi huiruka hatua hii kwa kuona ni usumbufu. Tangi kuu likishapata kimelea hicho, hulazimika kukaa bila samaki hata mmoja kwa wiki sita hadi kumi, na usumbufu huo ni mkubwa zaidi.

Mfuko wa samaki huelea juu ya maji ili joto lilingane, kisha maji ya tangi huongezwa humo kidogo kidogo kwa muda usiopungua nusu saa. Maji ya mfuko hayamwagwi tangini. Taa huzimwa usiku wa kwanza, na wenyeji hulishwa kabla mgeni hajaingia. Mgeni akiandamwa, mawe hupangwa upya ili kila mmoja apoteze mipaka yake. Hila hiyo hufanya kazi mara nyingi. Isipofanya kazi, mchokozi hutengwa katika kikapu cha plastiki chenye matundu ndani ya tangi hilo hilo kwa siku tano au saba, na anapotoka humkuta mwenzake ameshapata makao.

Kwa wanaofikiria kujivulia wenyewe, sheria inahusika. Nchini Kenya ukamataji wa samaki wa mapambo hufanywa kwa leseni, na hairuhusiwi kutoa kiumbe chochote katika hifadhi za bahari kama Kisite, Watamu na Malindi. Tanzania nayo imezuia uvuvi katika maeneo tengefu, yakiwemo ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam.

Samaki asiyepatana na wenzake, au aliyelizidi tangi, hurudishwa dukani au hupewa mfugaji mwenye tangi kubwa. Kumwachia baharini huonekana kuwa huruma, hasa kwa wakazi wa pwani, lakini samaki aliyekaa tangini na wageni wa bahari nyingine anaweza kubeba magonjwa, na asiye wa maji hayo anaweza kuzaliana bila adui. Samaki-simba wa Bahari ya Hindi na Pasifiki alionekana kwa mara ya kwanza katika maji ya Florida, Marekani, mwaka 1985, na inaaminika kwamba alitoka katika matangi ya watu. Katika miaka ya 2000 alisambaa pwani yote ya mashariki ya nchi hiyo na visiwa vya Karibi, akila vifaranga vya samaki wa miamba ambao hawakuwahi kumwona na hawakujua kumkimbia. Serikali za huko zimejaribu mashindano ya kumvua na kampeni za kumla, na mpaka sasa yumo.